Kuunda Fimbo Ndefu ya Kuvulia Ufukweni Ukiwa Mbeya

Mtu anayesimama kwenye mchanga wa Matema kati ya Juni na Agosti, wakati upepo wa kusini umekwishapita juu ya Ziwa Nyasa, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550, kabla ya kumfikia, haitaji kuelezwa kwa nini fimbo fupi za dukani hazimfai. Mawimbi huvunjika hatua kadhaa mbele yake, chambo huangukia katikati ya povu, na kila wimbi linaporudi humrudishia chubwi miguuni. Samaki wamekaa nyuma ya mstari huo wa povu, na fimbo ya mita mbili na kitu haifiki huko.

Fimbo ya ufukweni huwa na urefu wa mita 3.6 hadi 4.2, na urefu huo hufanya kazi mbili: hutupa mbali, kisha huinua mshipi juu ya migongo ya mawimbi ya karibu ili usisukwesukwe. Fimbo za namna hiyo hazipatikani kirahisi katika maduka ya Mbeya, Iringa au Njombe, na zile zinazoagizwa zikiwa tayari huwa zimepimwa kwa mkono wa mtu mwingine. Mwongozo huu unaeleza namna ya kujiundia ya kwako. Kazi yenyewe haihitaji karakana, bali meza, mwanga mzuri, vipimo vinavyochukuliwa kabla ya gundi kufunguliwa, na subira ambayo hali ya hewa ya nyanda zetu huidai zaidi kuliko kwingine, kama nitakavyoeleza.

Tuanze na ufito. Kwa neno hili nakusudia fimbo tupu, ile iliyotoka kiwandani bila pete za kupitishia mshipi, bila kishikio na bila mahali pa kukaza rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi. Wazee wetu walivua kwa mwanzi, na katika mikoa ya Iringa na Njombe, ambako mwanzi humnywesha mtu ulanzi na kumfumia tenga la nyanya, bado nashauri anayeanza atafute mwanzi mkavu ulionyooka ili ajifunzie kufunga uzi unaoshika pete kabla ya kugusa ufito wa gharama. Fito za kisasa ni mirija iliyo wazi ndani, iliyotengenezwa kwa nyuzi za kioo au za kaboni zilizoshikamanishwa kwa utomvu wa viwandani. Zile za nyuzi za kioo, yaani faibaglasi, zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na zile za kaboni zikaingia sokoni katika miaka ya 1970. Nyuzi za kawaida za kaboni hukataa kupinda karibu mara tatu zaidi ya nyuzi za kioo, tena ni nyepesi zaidi, na ndiyo maana ufito wa kaboni wa mita nne huweza kushikwa saa nyingi bila mkono kuchoka.

Hata hivyo kaboni haisamehe pigo. Ukigongwa kwenye jiwe au ukibanwa na mzigo kwenye buti ya basi, ufito hupata ufa usioonekana, na siku ya kutupa hukatika kwa mlio kama wa bunduki. Kwa fimbo ya kwanza ningechagua ufito wa faibaglasi au ule uliochanganywa nyuzi zote mbili, wa vipande viwili vinavyolingana, ulioandikwa kuwa unatupa uzito wa gramu 80 hadi 150. Ziwa halina mikondo mikali kama ya bahari, kwa hiyo chubwi la gramu 100 hadi 120 hutosha karibu siku zote. Ukiagiza kutoka Dar es Salaam au nje ya nchi, omba vipande vitiwe ndani ya bomba la plastiki la maji machafu, lile nene, lililozibwa pande zote mbili. Gharama yake ni ndogo kuliko machozi.

Ufito ukifika, usiugundishe kitu chochote siku hiyo. Unganisha vipande, ushike usawa wa jicho kama fundi seremala anavyokagua ubao, kisha uuzungushe polepole. Karibu kila ufito una mkunjo mdogo, na kila ufito una mgongo, yaani upande mmoja ulio mgumu kidogo kuliko pande nyingine kwa sababu ya namna kitambaa cha nyuzi kilivyoviringishwa kiwandani. Kuupata mgongo, simamisha shina la kipande cha juu kwenye sakafu laini, laza sehemu ya karibu na ncha juu ya kiganja kilicho wazi, kisha bonyeza katikati kwa mkono wa pili: ufito utajibingirisha wenyewe na kutulia upande mmoja. Tia alama hapo kwa penseli nyeupe. Wapo wanaoamini kwamba pete lazima zifuate mgongo. Mimi, baada ya kujaribu njia zote mbili, hufuata unyofu: nageuza ufito mpaka ule mkunjo mdogo utazame juu au chini badala ya kutazama pembeni, na pete nazipanga kwenye mstari huo. Fimbo ikishabeba uzito wa pete, mkunjo hupotea, na mvuvi hatahangaika na ncha inayochungulia kushoto.

Sasa pima mahali pa rili, na hapa ndipo fimbo inapoanza kuwa ya kwako. Weka mwisho wa shina kwapani, nyoosha mkono juu ya ufito bila kujilazimisha, na pale kiganja kinapofunga vizuri ndipo kiti cha rili kinapokaa. Kwangu ni sentimita 72 kutoka mwisho wa shina. Kwa mtu mrefu huenda ikawa 80. Kipimo hiki kikizidi, mikono hutanuka mno na utupaji hukosa nguvu. Kikipungua, mkono wa chini hukosa nguvu ya kuvuta wakati mkono wa juu unasukuma.

Pete zinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa makosa mengi niliyoyaona, yakiwamo yangu, yamo kwenye pete. Rili ya kawaida, ile ambayo mshipi wake hutoka kwa kujizungusha, huachia mshipi katika mviringo mpana unaohitaji kubanwa taratibu hadi uwe mstari ulionyooka. Kwa sababu hiyo pete ya kwanza kutoka kwenye rili huwa kubwa na ndefu ya miguu, na zinazofuata hupungua. Pete huuzwa kwa namba inayokaribiana na kipenyo cha duara lake kwa milimita. Kwa ufito wa mita 3.96, ambao wauzaji huuita wa futi 13, nimeridhika na pete saba, mbali na ile ya nchani: namba 40, 30, 25, 20, kisha tatu za 16. Usishawishike kuweka ndogo zaidi ya hapo nchani, kwani fundo linalounganisha mshipi na kiongozi wake, yaani kipande cha mshipi mnene kinachofungwa mbele, lazima lipite bila kukwaruza.

Ukipima kutoka ncha, ziweke kwenye sentimita 13, 29, 49, 74, 108, 155 na 220. Umbali kati ya pete na pete huongezeka kadiri unavyoshuka, kwa kuwa ncha ndiyo inayopinda zaidi na ndiyo inayohitaji kushikwa kwa karibu. Kwa mpangilio huu pete kubwa inabaki kama mita moja mbele ya rili, na kiungo cha vipande viwili, kilichopo karibu na sentimita 198, hakiguswi na pete yoyote.

Namba hizo ni mahali pa kuanzia tu. Kata mpira wa ndani wa baiskeli uwe vipete vyembamba, uvitumie kubana miguu ya pete kwenye ufito kwa muda, funga rili kwa utepe, pitisha mshipi, kisha mwombe mtu ashike shina wakati wewe umefunga mzigo wa kilo moja na nusu au mbili kwenye mwisho wa mshipi na kuuacha uning'inie. Simama pembeni utazame. Mshipi unatakiwa kufuata mviringo wa fimbo kwa pembe ndogondogo zinazolingana. Mahali unapokata njia ya mkato na kuuacha ufito mbali, pete imekosekana au iko mbali mno. Mahali pete mbili zinapobeba pembe moja ndogo, zimekaribiana bure. Sogeza, tazama tena, sogeza. Saa nzima iliyotumika hapa haipotei. Vipimo vikikubalika, viandike kwenye daftari, kwa sababu alama za penseli hufutika.

Kiti cha rili hugundishwa kabla ya pete kufungwa. Tundu lake huwa pana kuliko ufito, na nafasi iliyobaki hujazwa kwa kuviringisha tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi wa magari, katika mikanda mitatu au minne iliyoachana kwa milimita tano hivi. Usiufunike ufito wote kwa tepu: gundi ndiyo inayobeba kazi, na inahitaji mapengo hayo ili ishike ufito na kiti kwa pamoja. Kwaruza ufito kidogo kwa msasa laini mahali pa kugundisha tu, futa kwa spiriti, paka gundi nzito ya epoksi, ingiza kiti kwa kukizungusha, kisha hakikisha mdomo wake unatazamana na mstari wa pete. Fimbo yangu ya kwanza niliikagua kwa taa ya chemli wakati umeme umekatika, na mpaka leo rili yake inaangalia kushoto kidogo kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani. Epoksi ikishaganda hakuna rufaa.

Kishikio hakina siri kubwa. Wengine hutumia povu gumu, wengine kizibo. Njia rahisi kwetu ni kuviringisha kamba nyembamba ya nailoni kwenye shina na kuifunika kwa mpira unaonywea kwa joto, au hata kwa mpira wa ndani wa baiskeli uliovutwa juu yake kwa maji ya sabuni. Mpira wa baiskeli hunuka siku za kwanza, lakini hautelezi ukilowa.

Kabla ya kufunga pete, chukua tupa ndogo na utazame miguu yake. Kiwanda huiacha na ncha nene, na uzi ukifika hapo huruka na kuacha pengo. Inoe mpaka iwe mteremko laini ambao uzi utaupanda, halafu uiondolee ukali kwa msasa, maana mguu wenye makali huutafuna ufito kila fimbo inapopinda. Tumia uzi wa nailoni uliotengenezwa kwa kazi hii, ule mnene kwa pete kubwa na mwembamba kwa za nchani. Uzi wa cherehani wa pamba unatoa manyoya, na kila unyoya utausikia chini ya gundi.

Kukaza uzi, pitisha kati ya kurasa za kitabu kizito kilichofungwa, na kikopo cha uzi ukitie ndani ya kikombe ili kisikimbie. Laza ufito kwenye sanduku la karatasi ulilolichonga mapengo mawili ya umbo la V. Anza kwenye ufito wenyewe, milimita tano hivi kabla ya mguu kuanza: zungusha uzi, uvushe juu ya mkia wake, na baada ya mizunguko sita au minane kata mkia huo. Endelea kuuzungusha ufito, si uzi, huku kidole gumba kikisukuma kila mzunguko ujibane na uliotangulia. Ikibaki mizunguko minane kufika mwisho, laza juu ya ufito kitanzi cha uzi mwingine, kifunge ndani ya mizunguko hiyo, kata uzi mkuu, pitisha ncha yake kwenye kitanzi, kisha kivute kitanzi ili kiivute ncha chini ya mizunguko. Kwa mara ya kwanza utafungua na kufunga tena mara tano. Pete ikiwa imefungwa bado husogea kidogo kwa kusukumwa, na hiyo ni neema: tazama kutoka kwenye shina kama unayelenga bunduki na uinyooshe. Ongeza ufungaji wa sentimita tatu au nne kwenye mdomo wa kiungo, ule upande unaopokea mwenzake, kwa kuwa mdomo huo ndio unaopasuka kwanza. Pete ya nchani haifungwi kwa uzi peke yake. Hugundishwa kwa gundi inayoyeyuka kwa joto, ili siku ikivunjika uweze kuitoa kwa moto wa kiberiti wa gesi bila kuunguza ufito.

Sasa tunafika kwenye kupaka, na hapa nyanda za juu zina masharti yake. Epoksi ya kupakia uzi ni ya chupa mbili, utomvu na kigandishi, na zile ninazozitumia huchanganywa kwa kiasi kilicho sawa kabisa. Pima kwa mabomba mawili ya sindano, kila chupa na bomba lake, mililita tatu kwa tatu. Usipime kwa macho. Niliwahi kufanya hivyo mwezi wa Julai, na fimbo ilikaa wiki mbili ikinata vumbi na mbu. Niliiponya kwa kupaka juu yake tabaka jembamba lililopimwa sawasawa.

Gundi hii imekusudiwa chumba chenye joto la nyuzi 20 hadi 25. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Huko Makete ziko asubuhi ambazo majani huamka meupe kwa jalidi. Katika baridi hiyo utomvu huwa mzito kama asali, viputo vya hewa hukwama ndani yake, na kuganda huchukua siku mbili au tatu badala ya usiku mmoja. Tumbukiza chupa zikiwa zimefungwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, zifute ziwe kavu kabisa, na uanze kazi saa nne asubuhi katika chumba ambacho bati lake limeanza kupata jua. Usikipashe chumba moto kwa jiko la mkaa milango ikiwa imefungwa: majivu yatatua juu ya gundi, na hewa yake imewaua watu katika mikoa hii. Masika nayo yana taabu ya unyevu, ambao huacha ukungu mweupe juu ya epoksi, na mwezi wa Septemba una vumbi. Nikipewa hiari, hupaka mwezi Mei, mvua ikiwa imekatika na vumbi halijaanza, au Oktoba baada ya kunyunyizia sakafu maji.

Koroga dakika mbili au tatu polepole, bila kupiga kama mayai, kisha mimina mchanganyiko kwenye kipande cha karatasi ya alumini ili usambae. Ukiuacha umejaa kwenye kikopo hujitia joto na kuganda mapema. Mikono iwe haina mafuta ya kujipaka, kwa sababu alama ya kidole yenye mafuta hufukuza gundi na kuacha shimo. Paka kwa brashi ndogo tabaka jembamba linalolowesha uzi hadi uonekane umekolea rangi, na uvuke ukingo wa uzi kwa milimita moja au mbili. Viputo huondoka ukipitisha mwali wa taa ya spiriti kwa kasi, chini yake kwa umbali wa kiganja. Kuanzia hapo fimbo lazima izunguke, la sivyo gundi huteremka na kuning'inia. Mota ndogo inayozungusha sahani ndani ya maikrowevu iliyoharibika inafaa sana, lakini hutumia umeme wa nyumbani, basi fundi umeme aifunge waya zake. Asiye na mota atageuza kwa mkono nusu duara kila dakika tano kwa saa tatu za mwanzo, na katika baridi zaidi ya hapo, redio husaidia. Siku inayofuata, au gundi inapoacha kupokea alama ya kucha, paka tabaka la pili. Matabaka mawili membamba hupinda pamoja na fimbo, ilhali moja nene hupasuka.

Iache fimbo wiki nzima kabla ya kuitupia. Jaribio la kwanza lifanyike kwenye uwanja mpana usio na watu, chubwi likiwa halina ndoano. Mshipi mkuu wa milimita 0.35 hauwezi kuhimili kani ya kutupa gramu 112, kwa hiyo funga mbele yake kiongozi mnene: kanuni inayokubalika ni nguvu ya kilo 4.5 kwa kila gramu 28 za chubwi, yaani kilo 18 kwa chubwi hilo, na urefu wake uwe mara mbili ya fimbo pamoja na mizunguko kadhaa kwenye rili. Chubwi lililokatika hewani huruka kama risasi. Kumbuka pia kwamba kaboni hupitisha umeme. Usiiinue chini ya nyaya za umeme, na ngurumo za Rungwe zikianza, ilaze chini uondoke.

Ukiteremka Kyela kwa njia ya Tukuyu, pitia kwa ofisa uvuvi ujue leseni na masharti ya mahali hapo, hasa kuhusu mbasa, ambaye hupanda mito kwenda kutaga na amepungua sana. Midomo ya mito iepuke pia kwa ajili ya mamba. Simama kwenye mchanga ulio wazi, na utupe mara kumi za mwanzo kwa nusu ya nguvu zako. Kisha keti, futa pete ya kwanza kwa kitambaa, utazame gundi kwenye miguu yake: mstari mwembamba kama unywele pale chuma kinapotoka ndani ya uzi ni wa kawaida, lakini ukiona ufa unaozunguka ufito wenyewe, au ukisikia mguu ukicheza chini ya kidole, pete hiyo ikatwe uzi wake kwa wembe upande wa chuma, na ifungwe upya kabla ya kutupa tena.